Ombi la Kurudishiwa Mama Aliyegeuzwa Tarehe

Chumba cha Kumbukumbu,
Ghorofa ya chini, mlango uliopakana na chumba cha kufulia mashuka.
Jumatatu asubuhi.

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta,
Ghorofa ya pili, chumba chenye kiyoyozi.

Ndugu Mkuu wa Kitengo,

YAH: KUBADILISHWA KWA MAMA YANGU MZAZI NDANI YA HIFADHIDATA BILA RIDHAA YAKE

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, na kama hakijajieleza naomba uvumilivu wako, maana sisi wa ghorofa ya chini hueleza mambo kwa urefu.

Kwanza salamu. Natumaini u mzima. Nami najua u mzima, kwa sababu leo asubuhi tumekunywa chai meza moja na ukaondoka bila kumaliza mkate wako. Lakini jana nilipokueleza suala hili nikiwa baba yako, ulinijibu kwamba mambo ya kazini hayajadiliwi nyumbani, kwamba mfanyakazi haruhusiwi kugusa rekodi ya ndugu yake bila ombi la maandishi, na kwamba malalamiko yote yapitie njia rasmi. Njia rasmi ndiyo hii. Kuanzia mstari huu mpaka kwenye sahihi, mimi si baba yako, ni Karani wa Kumbukumbu. Na wewe si yule niliyekubeba mgongoni ulipougua surua, ni Ndugu Mkuu wa Kitengo.

Kwa faida ya yeyote atakayeikuta barua hii kwenye faili baada yetu, nieleze tulikotoka. Huu ni mwaka wangu wa thelathini na moja katika kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Nilianza na kalamu na kadi ngumu, nikaja kwenye mashine ya chapa, halafu kwenye kompyuta ya kwanza ya hospitali hii, ile yenye kisogo kikubwa. Kompyuta ile ilikuwa na adabu. Kila kisanduku kilipokea ulichokiandika bila kukubishia. Kisanduku cha tarehe ya kuzaliwa kilipokea maneno, nami nilikipa maneno, kwa sababu wazee wetu huja na maneno. Mmoja alizaliwa "mwaka wa nzige, wakati wa kupalilia". Mwingine "siku tatu baada ya dada yake kuolewa". Mama yangu, fundi cherehani aliyeshona mapazia ya wodi zote unazopita kila siku, aliandikwa "mwaka wa mafuriko makubwa, siku ya soko, asubuhi". Sikuwahi kumtungia mzee tarehe. Wapo makarani ambao mzee akisita kidogo tu, wanampa tarehe mosi Januari kama wanaogawa dawa ya minyoo. Mimi hapana. Nililoambiwa ndilo nililoandika, neno kwa neno, na nitasimama nalo popote.

Vivyo hivyo kisanduku cha tarehe ya kufa. Taratibu zinasema kiachwe wazi mpaka siku yenyewe. Lakini wewe mwenyewe fikiria: mzee amekaa mbele yako, anaiona skrini, anaona mahali pa kifo chake pako tupu panamsubiri. Ni utovu wa adabu. Kwa hiyo kwa kila mzee niliandika humo neno moja: "Bado". Waliokuwa wanasoma walilisoma, wakacheka, wakanishukuru. Wazee mia tatu na arobaini na mmoja, pamoja na mama.

Basi Jumamosi ile ya mwezi uliopita, mimi nikiwa nyumbani namtafutia mama mkasi aliokuwa ameukalia, wewe na wenzako mkahamishia kumbukumbu zote kwenye hifadhidata mpya. Ndani yake mkaweka kitu mnachokiita prosija, ambayo kwa ulivyonifafanulia ni maagizo yanayokaa humo humo ndani ya hifadhidata. Yakishaamshwa yanafanya kazi yote yenyewe, hayaulizi mtu. Kazi yake ilikuwa kukipa kila kisanduku aina yake: hiki cha namba tu, hiki cha tarehe tu, hiki cha ndiyo au hapana tu. Kilichokuwa maneno kikageuzwa. Kilichokataa kugeuka kikalazimishwa. Ulisema hiyo inaitwa kubadili aina ya data, na kwamba dunia nzima inafanya hivyo. Sawa, lakini dunia nzima haina mama anayesubiri orodha ya upasuaji wa macho ya Alhamisi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu sifuri. Faili la mama ni namba 0412. Ile sifuri ya mbele si pambo. Ni alama ya wagonjwa wa jengo la zamani, na niliiweka mimi. Prosija yako ikaona namba, ikasema sifuri ya mbele haina thamani, ikaitupa. Mama akawa 412. Sasa 412 yupo, ana faili lake, ni dereva wa lori aliyevunjika mguu. Jumanne iliyofuata mama akaitwa chumba cha plasta. Fundi wa plasta, mtu mpole kabisa, alikuwa ameshawasha msumeno wake, anamzunguka bibi kizee akitafuta plasta iko wapi. Mama, ambaye macho hana lakini masikio anayo, akamuuliza kama msumeno huo ni wa kukata kitambaa au wa kukata watu. Dereva naye nasikia amepigiwa simu aje kutolewa mtoto wa jicho, na tangu siku hiyo ameanza kuona ukungu.

2. Kuhusu kimo na damu. Mama ana urefu wa mita moja nukta arobaini na nane. Si mrefu, hilo tunalijua, akishuka kwenye kiti cha cherehani inabidi aruke kidogo. Lakini prosija ilitaka namba nzima, ikakata kilichobaki, mama akawa na mita moja kamili. Nesi mkuu wa kliniki ya macho amemwekea gauni la upasuaji la mtoto, lenye picha za vipepeo. Hilo tungelivumilia. Damu yake ni kundi O. Prosija ikaitazama hiyo O, ikaona ni sifuri, na sifuri ikaisoma kuwa hakuna. Karatasi iliyotoka maabara imeandikwa: "Damu: Hana." Loo! Mwanamke aliyejifungua mara tano, aliyechomwa sindano ya cherehani kidoleni mara elfu, hana damu! Nilipompelekea mhudumu wa maabara karatasi hiyo, aliitazama, akanitazama, akasema mfumo haukosei.

3. Kuhusu jicho lenyewe. Kwenye swali "Jicho gani?" mimi niliandika "La kushoto". Kisanduku hicho mmekigeuza kuwa cha ndiyo au hapana. Prosija ilipokuta kuna neno limeandikwa, ikaona ina maana ya ndiyo. Sasa daktari atasoma: "Jicho gani? Ndiyo." Naomba Ndugu Mkuu uniambie, ukiwa na kisu mkononi na mama wa mtu mezani, jibu hilo linakusaidia nini?

4. Lalamiko la nne, ambalo lingekuwa la kwanza kama si kwamba hata kulitaja nasikia vibaya. Prosija ilipofika kwenye "mwaka wa mafuriko makubwa, siku ya soko, asubuhi", ilijaribu kuipata tarehe, ikaikosa. Mtu akishindwa kusoma huuliza. Yenyewe haikuuliza. Ikachomoa tarehe ya akiba mliyoipa mfukoni, tarehe mosi Januari mwaka elfu moja mia tisa, ikambandika. Ikahamia kisanduku cha pili. Ikakuta "Bado". Ikajaribu, ikashindwa, ikabandika tarehe ile ile. Kwa hiyo kwa mujibu wa hifadhidata ya hospitali hii, mama yangu alizaliwa na kufariki siku moja, na faili lake limefungwa. Ijumaa nilipoomba ile orodha ya daktari wa macho, nikavaa miwani, nikaisogeza dirishani maana maandishi ya mfumo wenu ni madogo kama chawa, sikuona jina lake. Nesi mkuu akanieleza kwa upole kwamba marehemu hawapangiwi upasuaji. Nilipomfikishia mama habari hizo aliuliza, "Nimekufa lini? Mbona jana nimefua?"

5. Kuhusu matokeo ya hilo la nne, ambayo naona hamkuyafikiria. Kwanza, wazee wote mia tatu na arobaini na mmoja walizaliwa siku moja na wakafa siku hiyo hiyo. Huo ni msiba mkubwa kuliko wowote nilioupokea katika chumba hiki, na sioni kama uongozi umetoa hata tangazo ubaoni. Pili, kumbukumbu zinaonyesha kwamba mimi nilizaliwa mwaka sitini na saba, na mama yangu ni huyo huyo wa 0412. Yaani nilizaliwa na mtoto mchanga aliyekwisha kufa miaka sitini na saba kabla. Haiwezekani. Kwa hiyo mimi sikuzaliwa. Tatu, kama mimi sikuzaliwa, basi na wewe Ndugu Mkuu, unayeandikwa kwenye fomu zako zote kuwa mwanangu, hujazaliwa. Na kama hujazaliwa, ni nani aliyeiandika prosija? Jibu ni kwamba hakuna aliyeiandika. Na jambo lisiloandikwa na mtu halina mamlaka, kwa hiyo kazi yote ya Jumamosi ile ni batili. Nimelipitia suala hili mara tatu na sijaona tundu.

6. Endapo kitengo chako kitang'ang'ania kwamba mfumo haukosei, basi na mimi nitaufuata mfumo. Naomba nipewe cheti cha kifo cha mama, likizo ya msiba, na gari la hospitali la kupeleka waombolezaji. Mama mwenyewe ameahidi kuja kupika. Naomba pia ijulikane kwamba mapazia ya wodi ya wazazi aliyoyashona mwaka juzi yameshonwa na marehemu, kwa hiyo msishangae yakijifungua yenyewe.

Sasa niweke kejeli pembeni kidogo, Ndugu Mkuu.

Daktari wa macho anakuja mara mbili tu kwa mwaka, anakaa siku tatu, anaondoka. Safari iliyopita mama alifika kwenye mlango wake, mtu wa mwisho kwenye foleni, umeme ukakatika. Akarudi nyumbani, akasema haidhuru, atasubiri. Amesubiri miezi sita. Anakuja Alhamisi hii, na orodha inafungwa Jumatano adhuhuri. Akikosa tena ni miezi sita mingine, na nesi mkuu ameniambia wazi kwamba jicho lile halina miezi sita. Na la kulia, kama unavyojua, lilishakwenda zamani.

Fundi cherehani asiyeona anashona kwa vidole. Mama anajua kitambaa kwa kukigusa, anajua pindo limekaa upande kwa kukisikiliza cherehani kinavyolia. Kinachomshinda ni tundu la sindano. Kila asubuhi anapeleka sindano kumi na mbili kwa jirani, mama muuza mkaa, amtilie uzi, nyeusi sita na nyeupe sita, na zikiisha kabla ya jioni anakunja mikono mapajani na kukaa. Mimi ningemtilia, ila natoka mapema mno na mwanga wa asubuhi pale sebuleni ni hafifu. Juzi nilimkuta amekaa hivyo, saa tisa mchana, kitambaa kiko chini ya mguu wa cherehani na mikono iko mapajani. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema anapumzika. Mama yangu hajawahi kupumzika saa tisa mchana maisha yake yote. Nina hofu, Ndugu Mkuu. Naliandika waziwazi ili lisije likabadilishwa kuwa namba.

Najua ulivyojitetea. Ulisema, "Baba, nipe tarehe, naiingiza dakika moja, Bibi anarudi kwenye orodha. Lakini iwe tarehe, siyo hadithi." Nami nakujibu rasmi kama nilivyokujibu jana, ila leo bila kugonga meza: tarehe haipo. Haijawahi kuwepo. Mama alikuja na mafuriko, na mimi nikayapokea mafuriko. Unataka nimtungie? Nibuni siku, nimbandike kama prosija yako ilivyofanya? Tofauti yangu na mashine hiyo itakuwa nini? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi sikudhani siku moja methali hiyo ningeiandika kwenye barua ya kikazi kumpelekea mtu niliyemlipia mwenyewe masomo ya kompyuta.

Kwa hiyo naomba yafuatayo yatekelezwe kabla ya Jumatano adhuhuri. Kisanduku cha tarehe ya kuzaliwa kirudishwe kuwa cha maneno. Prosija ifundishwe kusema "sijui", neno ambalo hata mkurugenzi wetu hulitumia. Sifuri zote zirudi mahali pake. Mama arudishiwe damu yake, sentimita zake arobaini na nane, na uhai wake. Na iwe kanuni kuanzia sasa kwamba alichosema mgonjwa kwa kinywa chake kisibadilishwe na yeyote, awe mtu au mashine, bila kumuuliza yeye mwenyewe.

Nakutakia kazi njema huko juu kwenye baridi. Nisalimie wote wa kitengo chako, yule mwenye visikio vya muziki ambaye huwa haitikii salamu, na yule dada anayenisaidia kuwasha printa. Msalimie pia fundi wa kiyoyozi. Ukipita nyumbani kabla yangu, mwambie bibi yako nitachelewa, na mkate wako uko kabatini.

Wako katika utunzaji wa kumbukumbu sahihi,

Karani wa Kumbukumbu
(ambaye wote hapa mnamwita Mzee wa Mafaili)

Nakala: Nesi Mkuu, kliniki ya macho.
Nakala: Dereva wa lori, kliniki ya mifupa, kwa taarifa na kumtuliza.

Nyongeza, saa nane kasoro, nikiwa nyumbani:

Nilikuja wakati wa chakula cha mchana nimsomee bibi yako barua hii kabla sijaipandisha ghorofa ya pili, kwa sababu inamhusu na sikutaka abadilishwe tena bila kuulizwa. Alisikiliza akiwa amekaa kwenye cherehani. Alicheka nilipofika kwenye msumeno, akaguna nilipofika kwenye vipepeo. Kumbe kuna mahali nilipita mapema hakupaafiki, akanisubiri nimalize. Nilipomaliza akaniomba nirudie pale niliposema nililoambiwa ndilo nililoandika, neno kwa neno. Nikarudia, kwa sauti.

Akasema, "Mwanangu, mimi sikukuambia hivyo."

Anasema wiki ile nilipoanza kazi alikuwa mtu wa tatu kwenye foleni yangu, na nilipomuuliza amezaliwa lini alinitajia siku, mwezi na mwaka. Nikacheka. Nikamwambia mbele za watu, "Mama, watu wa rika lako hawajui tarehe, nitajie tukio tu." Akaona mwanawe ni mgeni kazini, foleni ni ndefu, akaona aibu kunibishia. Akanitajia mafuriko. Nikayapenda mafuriko, nikayaandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Na baada yake, sasa nakumbuka na natamani nisingekumbuka, sikumuuliza mzee yeyote tarehe. Nilikuwa nawauliza moja kwa moja: mwaka wa tukio gani? Miaka thelathini na moja. Nyani haoni kundule.

Nikabisha, unanijua. Nikataka ushahidi. Akavuta kasha lake la nyuzi, lile la mbao alilochongewa na baba yake seremala wiki aliyozaliwa, akaligeuza juu chini, nyuzi zote zikamwagika sakafuni, akapitisha kidole kwenye ubao wa chini mpaka akafika, akakishika kidole changu akakiweka papo hapo. Namba zilizochongwa: 14 8 47. Nimelichezea kasha hilo tangu natambaa. Miaka yote hiyo nilidhani ni namba ya kasha.

Kwa hiyo barua hii isisajiliwe. Tarehe ndiyo hiyo, na ile dakika moja uliyoniahidi naiomba leo. Kwenye kifo futa "Bado" yangu, acha wazi, bibi yako anasema hata hawezi kuiona. Ila sifuri, damu na jicho ni makosa yenu, hayo sisamehi. Wale wazee wengine mia tatu na arobaini nitaanza kuwafuata kesho, mmoja mmoja, kuwauliza swali ambalo sikuwahi kuwauliza.

Bibi yako hana kinyongo. Amesema akishafunguliwa bendeji ataisoma barua hii mwenyewe, kwa hiyo usiichane. Halafu akanipa sindano na uzi mweusi, nimtilie kabla sijarudi kazini. Nimejaribu mara nne, mara mbili nikiwa mlangoni kwenye mwanga. Naomba na mimi niandikwe kwenye orodha ya Alhamisi. Tarehe yangu ya kuzaliwa usiniulize mimi. Muulize bibi yako.